Kabla Birika Halijachemka

Msinitazame mikono, wanangu. Kila kijana anayekuja hapa barazani kwangu Mtoni kuniuliza namna ya kuwa dereva wa lori, kitu cha kwanza ananitazama mikono, halafu mabega, halafu anatabasamu kwa adabu. Najua anachowaza. Anawaza, hivi kweli bibi huyu mfupi, ambaye akikaa kwenye kochi miguu haigusi sakafu, ndiye aliyekuwa anakwenda na tela hadi Tunduma? Ndiyo, ni mie. Na siku hizo nilikuwa mwembamba kuliko hivi. Haya makalio mnayoyaona ni pensheni ya usukani.

Swali linalofuata nalo ni lile lile. "Bibi, eti inabidi niende kunyanyua vyuma kwanza?" Nyanyua, mwanangu, nani kakukataza? Kifua kitakupendeza ukivaa fulana. Lakini lori haliendeshwi kwa kifua. Lori linataka kifundo cha mguu wa kushoto, maana klachi ya zamani ilikuwa kama kukanyaga gogo, na kwenye foleni ya Ubungo unaikanyaga mpaka goti linatetemeka lenyewe. Linataka mgongo na macho. Linataka na kibofu, msicheke. Wenzangu wanaume walikuwa wakisimama popote, wanaligeukia tairi, biashara imekwisha. Mie nilikuwaga najibana kutoka Chalinze mpaka Kibamba, kwa mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa akiniruhusu choo chake. Mpaka leo figo zangu zinanikumbusha.

Na linataka mtu anayejua kuogopa. Hapo ndipo huwa mnaniangalia kama nimechanganyikiwa. Basi kaeni niwasimulie siku nilipokwenda kuomba usukani, maana tangu siku hiyo sijawahi kumsikiliza mtu anayeniambia nguvu ni kitu gani.

Udereva niliupatia jeshini, enzi zile tulipokuwa tunakwenda kwa mujibu wa sheria. Wenzangu walikimbilia jikoni, mie nikakimbilia magari. Nilipotoka nikaajiriwa kwenye shirika moja la umma, naendesha gari la kusambaza bidhaa. Basi zikaja zile enzi za ruksa, maduka yakajaa vitu, na mashirika yakaanza kupumulia puani. Tukaambiwa tunapunguzwa. Tulipunguzwa mie na mume wangu Shomari wiki moja, maana tulikuwa tunafanya kazi shirika hilo hilo. Nyumba nzima, shwaa! Haina mshahara hata mmoja. Na mie nilikuwa na mimba ya Idi, mtoto wangu wa kwanza.

Idi alikataa kutoka kwa njia aliyopangiwa. Nikapasuliwa. Nawaambia hivi waziwazi kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Nilirudi nyumbani na mshono kutoka hapa hadi hapa, na nilikuwa nikikohoa nalishika tumbo kwa mikono miwili. Shomari alizunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikatoboka. Hakupata. Kazi zilizokuwepo kwa watu binafsi zilikuwa za madereva, na Shomari alikuwa karani, gari kwake ni kitu cha kupanda nyuma.

Ndipo akaja Mzee Sanga. Huyu alikuwa mtu wa Njombe, mzee wa kanisa, mpole, tulikuwa naye shirikani, na yeye ndiye aliyenifundisha malori makubwa. Alishapata kazi kwenye yadi ya tajiri mmoja Chang'ombe aliyeleta malori ya mtumba kutoka Japani. Akasema, "Mwanaidi, kuna lori halina dereva. Lakini yataka uwahi, watu ni wengi. Na kuna mtihani wa birika."

Yadi ile ilikuwa na desturi yake. Asubuhi madereva hunywa chai pamoja kabla ya kutoka. Birika lao lilikuwa kubwa, jeusi kwa masizi, linabandikwa kwenye jiko la mkaa karibu na geti. Mtu akija kuomba usukani, msimamizi, Bwana Mkude, hamwulizi leseni kwanza. Anaamuru birika libandikwe, anakuonyesha lori, anakwambia: fungua tairi la nyuma la nje, lilaze chini, halafu lirudishe mahali pake, peke yako. Ukimaliza kabla birika halijachemka, chai ya kwanza unamiminiwa wewe na kazi ni yako. Likichemka kabla hujamaliza, unanawa mikono, unawamiminia madereva wote chai, halafu unaaga. Hutukanwi wala huzomewi. Unamimina, wanakwambia ahsante, unakwenda zako. Hiyo ahsante ndiyo iliyokuwa inauma kuliko tusi.

Na msidhani ulikuwa uonevu. Ukipata pancha katikati ya mbuga ya Mikumi, utingo wako anaumwa malaria, utamwita nani? Simba naye hasubiri mtu apumzike.

Tairi lile pamoja na rimu yake lilikuwa zito kuliko mie, si kidogo. Idi alikuwa hata hajaanza kukaa. Shomari alisema, "Usiende, Mwana. Tutaishi tu." Nikamwuliza tutaishi kwa kula nini. Mama yangu ndiye aliyepiga kelele. "Utalirarua tumbo, mwanangu! Mwenye kovu usidhani kapoa!" Nikamwambia mama, hiyo methali si ya tumbo. Akasema leo ni ya tumbo.

Alipoona nimeshika overoli, akaingia ndani akarudi na mkaja. Nyie wa siku hizi hamuujui, ule mtandio mrefu wanaofungwa wazazi kukaza tumbo. Akanilaza kwenye mkeka, akauzungusha, akaweka goti lake ubavuni mwangu akavuta mpaka nikaona nyota. Nikavaa overoli juu yake. Nilimnyonyesha Idi, nikamwacha mgongoni kwa baba yake amefungwa kanga, majirani wanacheka, Shomari kanuna.

Nilipofika yadi nilikuta mtu kanitangulia. Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu kabisa sie Wazaramo. Pande la mtu! Kila jioni alikuwa ananyanyua vyuma Tandika, vile vya kumimina saruji kwenye makopo ya rangi. Shingo haionekani. Aliponiona akasema, "Mtani, umeleta maandazi?" Nikamwambia nimeleta ya kuzikia Wanyamwezi. Watu wakacheka, na mie nikacheka.

Bwana Mkude alinitazama juu mpaka chini. Mzee Sanga akasema huyu ndiye niliyekwambia. Mkude akasema, "Hapa hatuangalii sketi wala suruali, tunaangalia birika. Maganga, anza."

Birika likabandikwa. Maganga akashika spana, akaitia kwenye nati ya kwanza ya upande wa kushoto, akavuta. Haikwenda. Akavuta tena, mishipa ikamtoka. Akatia bomba refu kwenye spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia. Nikamwona Mzee Sanga anafumba macho. Mie nilikuwa najua, na yeye alijua ninajua, kwa sababu alinifundisha kwa kunigonga kichwa: kwenye malori yale ya Japani, nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Unakofungulia kulia, kushoto ndiko unakokazia. Maganga, maskini, kwa nguvu zile zote alizopewa na Mungu, alikuwa anakaza. Kidogo tukasikia ka! Stadi, ule msumari mnene unaoshikilia rimu, imekatika, nati imebaki ndani ya spana. Mkude akaonyesha birika kwa kidevu, na Maganga akaenda kunawa mikono, akasubiri lichemke, akawamiminia. Jitu lile lilikuwa linashika kikombe kama limeshika yai.

Wakaleta lori jingine, birika likajazwa maji mapya. Zamu yangu.

Niwaambie nilivyofanya, muibe utaalamu. Nati unazilegeza tairi likiwa bado linagusa chini, kabla ya jeki. Sikuvuta kwa mikono. Nilitia spana, nikatia bomba, nikapanda juu ya bomba nikasimama mwishoni kwake, nimeshika bodi ya lori. Mwili wangu mdogo ukashuka na nati ikalegea. Nilikuwa napanda na kushuka kama kuku anayetaga. Madereva walianza kucheka, wakaacha kucheka. Halafu jeki. Usiinue lori juu sana, jeki ikizidi umejitafutia mzigo mwenyewe. Inua mpaka upitishe kiganja chini ya tairi, basi. Mzee Sanga alikuwa na msemo wake, "Tairi halinyanyuliwi, linakaribishwa." Unalitikisa, linatembea kwenye stadi zake kidogo kidogo, linashuka chini, unalisindikiza kwa paja likilala. Nyie dada zangu mnaojitwisha ndoo kila siku, mnajua kuchuchumaa na kupanda kwa mapaja. Mie mgongo wangu ulisomea kisimani.

Nikalilaza. Nikalisimamisha tena, hapo jasho linaniingia machoni. Nikalitembeza mpaka usawa wa stadi. Na hapo ndipo jeki ile mbovu ilipokuwa imeshuka. Kidogo tu, upana wa vidole viwili. Matundu ya rimu hayakutani na stadi.

Dawa yake ni rahisi. Unaliegemeza tairi, unapampu jeki mara chache, unaendelea. Hata mtoto anajua. Lakini birika lilianza kuimba. Ile sauti nyembamba ya maji yanayokaribia, mnaijua. Niliisikia masikioni mwangu kama ving'ora. Nikamwona Shomari kanuna na mtoto mgongoni. Nikasema hapana, sina muda wa jeki. Nikachuchumaa, nikakumbatia tairi, nikalitia tumboni, nikalisukuma juu.

Ndani yangu kitu kikaachia.

Hakikuuma sana, ndiyo ilikuwa mbaya. Kililegea tu, halafu kikachoma, moto mwembamba kutoka ubavu hadi ubavu. Tairi lilikuwa limebakiza nusu ya kidole kuingia. Nusu ya kidole, wanangu! Nikisukuma mara moja tu, limeingia, nati nazifunga kwa mkono, kazi ni yangu. Niliogopa sijawahi kuogopa hivyo, si barabarani, si mlimani, kokote. Niliogopa kusukuma na niliogopa kuacha.

Nikaliegemeza tairi kwenye bodi. Nikakaa chini mchangani.

Birika likachemka, mfuniko ukawa unacheza. Bwana Mkude akasema taratibu, "Mama, chai."

Nikanyanyuka, nikanawa. Nikashika birika. Overoli yangu nilihisi ina maji kwa mbele, na sikujua ni maziwa ya Idi yaliyotoka wakati wa kunyonya umepita, au ni damu. Sikuthubutu kujitazama. Nilimimina kikombe cha kwanza, cha pili, mkono mmoja unamimina na mwingine umeshika tumbo, nikijifanya nimeshika kiuno kwa maringo. "Ahsante, dada." "Ahsante, mama." Nilikuwa nawaza, nikianguka hapa, nani atamwambia mama? Nikimaliza viwili hivi, nitatembea mpaka getini. Nikifika getini, Mungu atajua la kufanya. Maganga alikuwa bado amesimama pembeni, hakutaka kuondoka. Nilipomfikia alikataa chai. Alinong'ona, "Mtani, una nini? Umekuwa mweupe."

Mzee Sanga alinifuata getini akanipakia kwenye pikapu hadi hospitali. Njia nzima alikuwa anaomba, midomo inacheza. Nesi alinifungua overoli, akaukuta mkaja, akasema huu ndio uliokusaidia. Maji yalikuwa maziwa. Nililia kwa furaha ya maziwa. Lakini daktari alipobonyeza, akakunja uso. Ndani, nyama zilikuwa zimeanza kuachana. "Ulikuwa unanyanyua nini?" Nikamwambia. Alivua miwani. Akasema ungeendelea kidogo ungekwenda na ngiri, ungerudi kisuni, na sikuahidi ungetoka. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, na nilimshukuru.

Nikakaa nyumbani. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikaa kwa subira, nilikaa kwa hasira. Kila lori likipita barabara ya Kilwa nilikuwa nalisikia gia zake nasema, yule ndiye, yule kapewa lori langu. Mama alikuwa ananikanda, Shomari ananipikia uji, na mie nawajibu vibaya wote wawili. Shomari alikuwa anabeba mizigo sokoni Temeke, anarudi mabega yamechubuka, karani wa watu. Kila nikimwona napata homa. Daktari aliponiruhusu, na aliniruhusu baada ya kunitazama mara nyingi, Idi alikuwa anatambaa. Nikasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikarudi Chang'ombe.

Bwana Mkude alikuwa anakunywa maji kwenye kopo. Akaniambia lori lile limepita mikono miwili ya madereva tangu siku ile, na hakuna aliyedumu. Wa mwisho alisikia breki zinalegea Kimara akasema atafika nazo hivyo hivyo mjini. Alilala nalo mtaroni. Mtu hakufa, kwa bahati tu.

"Sanga alinieleza ya hospitali," akasema. "Siku ile ulibakiza kidogo sana. Kwa nini hukusukuma?"

"Nilisikia kitu kinaachia."

Alinitazama, akaingiza mkono mfukoni, akanitupia funguo. Nikazidaka. Zilikuwa nzito, zina kipande cha mnyororo. Niseme ukweli, vidole vyangu vilizifumbata vyenyewe.

Halafu nikazirudisha juu ya meza yake.

"Bandika birika," nikamwambia.

"Mama, nimeshakupa kazi!"

"Umenipa huruma. Nikipata pancha porini, huruma yako itakuja kunisaidia tairi? Na hawa wenzangu kila asubuhi watakuwa wananiangalia kikombeni. Bandika birika, Bwana Mkude. Na mie mwenyewe nataka kujua."

Alicheka mpaka akakohoa. Wakabandika. Madereva wote waliacha magari yao wakaja. Nikapanda bomba, nikashuka, nikapampu, nikalikaribisha tairi likalala, nikalisimamisha. Na jeki ile ile, laana yake, ikashuka tena! Birika likaanza kuimba. Safari hii nikaliegemeza tairi, nikaligeuzia birika kisogo, nikapampu jeki pole pole kama mtu anayevuta maji kisimani. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mama, wahi, linachemka!" Nikaendelea kupampu. Tairi likaingia lenyewe. Nati nikazifunga zote, kwa kinyume, kama nilivyofundishwa. Nilipogeuka, Mzee Sanga alikuwa ameshika kikombe changu, na maji hayajaanza hata kucheza na mfuniko.

Siku hiyo hiyo nikapewa mzigo wa saruji kwenda Mbagala. Lori halikuwa na pawa kwenye usukani. Hayo nyie hamyajui, mnageuza kwa kidole kimoja mnazungumza na simu. Usukani ule, ukiwa umebeba mzigo, unaushika kwa mikono miwili na haukusamehe. Ukiachia mmoja bila mpango, unakupokonya, unakuvunja kidole gumba. Nilitoka geti la Chang'ombe nimeuma meno, mgongo umelowa, nasoma kila aya ninayoijua. Kila shimo nilihisi linakuja kwenye mshono wangu. Temeke nikaipita, Mtoni nikaipita, watu wanapunga, wanashangaa, mie simwoni mtu.

Kufika Mtongani, kwenye kona, nikamwona Shomari kando ya barabara. Sijui nani alimpa habari. Kamshika Idi kifuani, kamwinua juu kabisa, kamshika mkono mdogo ule anampungia nao, "Mama! Mama yule! Mpungie mama!"

Wanangu, sikumpungia. Sikupiga hata honi. Nilikuwa kwenye kona na tani zangu za saruji, na mikono yote miwili ilikuwa kazini. Niliwapita hivyo hivyo nikiwatazama kwa pembe ya jicho, machozi yananitiririka mpaka shingoni, na sikuweza kuyafuta.